Nafsi Yako Nayo Ina Haki Juu Yako



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, akina mama, akina baba, na nyinyi wanafunzi wetu mlio mashuleni na vyuoni. Tukihudhuria darsa misikitini, na tukisikiliza mawaidha katika harusi na hitima, tunafunzwa haki nyingi. Tunafunzwa haki ya Mola wetu, haki ya wazazi, haki ya mume na ya mke, haki ya jirani, haki ya mgeni, mpaka haki ya njia. Yote hayo ni kweli na ni lazima yafunzwe. Lakini iko haki moja ambayo hutajwa kwa nadra, na ikitajwa hupitwa mbio. Nayo ni haki ya nafsi ya mtu mwenyewe.

Maoni yangu ni kuwa kuisahau haki hii kunaharibu nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Mtu anayeinyima nafsi yake haki yake, mwishowe huwanyima na wenzake. Na anayelipa wa kwanza ni yule anayelala naye nyumba moja: mke, mume, mtoto, au mwenzake wa chumba kule bwenini.

KISA CHA NDUGU WAWILI

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Juhayfa (r.a.) kisa ambacho wengi wetu tumekisikia. Mtume (s.a.w.) aliunga udugu baina ya masahaba zake mjini Madina. Miongoni mwao alimuunga Salman Al-Farisi (r.a.), mtu wa Uajemi aliyetoka mbali akiitafuta haki, na Abu Dardaa (r.a.), Answari wa hapo hapo Madina.

Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye. Akamkuta Ummu Dardaa, mke wa Abu Dardaa, yuko katika nguo za kuchakaa, hakujiweka sawa. Akamuuliza kulikoni. Yule bibi akamjibu kwamba nduguye Abu Dardaa hana haja na dunia. Lilikuwa jibu fupi, la adabu, wala hakumtukana mumewe. Lakini mwenye masikio alisikia.

Abu Dardaa alipofika, alimwandalia mgeni wake chakula, akamkaribisha ale, akasema yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji ale pamoja naye. Abu Dardaa akala. Usiku ulipoingia, Abu Dardaa akainuka kwenda kusali, Salman akamwambia alale. Akalala. Akainuka tena, akaambiwa tena alale. Ulipofika mwisho wa usiku, Salman akamwambia sasa ainuke, wakasali wote wawili. Kisha ndipo Salman akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumsimulia, na Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akapona kweli, yeye na mkewe.

TUSOME NINI HAPA?

Kwanza, tazama kosa la Abu Dardaa lilikuwa wapi. Hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alikuwa mtu wa saumu na sala za usiku. Lau tungelimkuta leo katika mtaa wetu tungelimsifu, tukawaambia watoto wamuige. Lakini mema aliyokuwa akiyafanya yalikuwa yanalipiwa na mtu mwingine, na alama yake ilikuwa juu ya nguo za mkewe.

Leo wako akina Abu Dardaa wengi miongoni mwetu, kila mmoja kwa namna yake. Yuko baba anayefungua duka alfajiri na kulifunga saa nne usiku, watoto wanamjua kwa sauti ya mlango tu. Yuko mama anayehudumia mume, watoto, mama mkwe na wageni wa kila siku, halafu akiulizwa hali hujibu "Alhamdulillah" na machozi yako karibu. Yuko kijana aliyekwenda kufanya kazi Saudia au Qatar, mwezi kwa mwezi hutuma pesa nyumbani, na hakuna anayemuuliza analala saa ngapi wala anakula nini. Yuko mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye usiku hasomi tena wala halali, anakaa tu na kitabu mbele yake akiogopa kuwaaibisha wazazi. Wote hao tunawaita wachapakazi na wavumilivu. Wachache wetu huuliza gharama yake inalipwa na nani.

Pili, tazama adabu ya Salman. Hakumkaripia Abu Dardaa mbele ya mkewe, wala hakuanza kwa mawaidha. Alikula naye kwanza. Akalala chini ya dari lake. Wakasali pamoja. Maneno yalikuja mwisho, nayo yalikuwa machache. Sisi tuna tabia ya kugeuza mpango huo. Tukimuona mtu ameelemewa, tunaanza kwa maneno, na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tatu, haki zilizotajwa ni kadhaa, wala hakuna iliyofuta nyengine. Haki ya Mola haikuondoshwa, kwani mwisho wa usiku walisali. Lakini ililetwa mahali pake, baada ya chakula na usingizi.

JE, HUKU SI KUIFUATA NAFSI?

Najua wako watakaosema: "Ustadhi, si tumefunzwa kupigana jihadi na nafsi? Vipi leo tunaambiwa tuipe haki?"

Swali hili ni zuri na linataka jibu. Qur'ani imeizungumza nafsi kwa hali zaidi ya moja. Katika Sura Yusuf (12:53) imetajwa nafsi inayoamrisha maovu. Katika Sura Al-Qiyama (75:2) imetajwa nafsi inayojilaumu. Na mwisho wa Sura Al-Fajr (89:27) imetajwa nafsi iliyotulia. Kupigana na nafsi ni kuizuia na haramu: uongo, wivu, zinaa, kula mali ya mayatima. Kuipa haki yake ni kuipa halali inayohitaji: chakula, usingizi, mapumziko, mazungumzo mema, kicheko na watoto, na tiba inapougua. Anayechanganya mambo haya mawili hujikuta anaizuia nafsi na halali, huku haramu zake, kama hasira na kinyongo, zimebaki pale pale.

Abdullahi bin Amr bin Al-As (r.a.) alikuwa kijana mwenye hima kubwa. Alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume (s.a.w.) alipopata habari hizo alimwita, akamtaka afunge na afungue, asali na alale, akambainishia kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na mgeni wake. Abdullahi akaomba aachiwe afanye zaidi, kwa kuwa alijiona ana nguvu. Alipozeeka alikuwa akitamani lau angeliikubali ile ruhusa aliyopewa ujanani. Nyinyi vijana wa vyuoni, lizingatieni jambo hili. Nguvu za miaka 20 zisikudanganyeni mkajibebesha ya kuwashinda mkiwa na miaka 50.

HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI

Katika haki za nafsi, inayodhulumiwa zaidi kwetu ni haki ya kuhuzunika na kuuguzwa. Mtu akiwa na malaria tunampeleka hospitali. Akiwa hali, halali, amejifungia chumbani mwezi mzima, tunamwambia imani yake ni dhaifu, au tunatafuta nani kamroga. Jina la hospitali ya Mathari kule Nairobi tumeligeuza kuwa mzaha wa kuchekana barazani.

Nabii Yaqub (a.s.) alilia kwa kumkosa mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, kama ilivyo katika Sura Yusuf (12:84). Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho, naye ni mbora wa viumbe. Nani kati yetu ana imani kuliko wao?

Na wanavyuoni wetu wa zamani hawakuwa wageni wa jambo hili. Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu alichokiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza kwamba binadamu ni mwili na nafsi, na kila kimoja huwa na afya na huwa na maradhi. Akazungumzia ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Akapambanua huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupata hasara, na huzuni inayomjia mtu wala hajui imetoka wapi. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na mtu wa umma huu. Basi anayekwenda kwa daktari wa akili leo, huku anasoma nyiradi zake na kuswali swala zake, hajatoka katika njia ya wema waliotangulia.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hili lina uzito zaidi wakati huu ambapo tunasikia vijana wanaofikia hadi ya kutaka kujitoa roho. Kujiua ni dhambi kubwa, na hilo halina mjadala. Lakini aliyefika ukingoni anahitaji mkono wa kumvuta kabla ya kidole cha kumnyooshea. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka mingi familia ziliogopa kumpeleka mgonjwa wao hospitali kwa khofu ya polisi. Kwa hivyo akina baba na akina mama, mtoto akitamka neno la kuchoka na maisha, msimpigie kelele na msimwache peke yake. Kaeni naye, muulizeni, na mpelekeni kwa wataalamu siku hiyo hiyo.

BIBI KHADIJA ALITUFUNZA NAMNA YA KUMPOKEA ALIYEELEMEWA

Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka pango la Hira baada ya wahyi wa kwanza, alirudi akitetemeka, akaomba afunikwe. Tazama alivyofanyiwa na mkewe, Bibi Khadija (r.a.), na kila mwenye ndoa aiweke picha hii moyoni.

1. Alifunikwa kwanza mpaka khofu ikamtoka. Hakuanza kuhojiwa alikuwa wapi wala kwa nini amechelewa.

2. Aliposimulia yaliyomkuta na kusema anaikhofia nafsi yake, alisikilizwa. Hakuchekwa, wala hakuambiwa kuwa mwanamume haogopi.

3. Bibi Khadija akamkumbusha wema wake: anaunga udugu, anawabebea wanyonge mizigo yao, anakirimu wageni. Akamhakikishia kuwa Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha mtu wa namna hiyo.

4. Kisha akampeleka kwa mwenye ujuzi, naye ni Waraqa bin Nawfal.

Kumfunika, kumsikiliza, kumkumbusha wema wake, kumpeleka kwa anayejua. Jiulize, mumeo anaporudi na habari ya kuachishwa kazi, au mkeo anapokwambia hana nguvu tena, au mwanao anapoleta matokeo mabaya ya mtihani, ni lipi katika hayo manne hulifanya? Wengi wetu huanzia na la tano ambalo halipo: "Nilikwambia mimi!"

SUBIRA INA MPAKA

Hapa napenda kusema waziwazi, maana neno subira limetumiwa vibaya sana katika nyumba zetu. Mwanamke anapigwa, anakwenda kwa wazazi, anaambiwa arudi akasubiri. Subira ni ibada mtu anapopatwa na mtihani. Lakini dhulma haibadiliki ikawa ibada kwa kuvumiliwa.

Bibi Khawla bint Thaalaba (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kumshitakia mumewe, Aws bin Samit, aliyemtamkia maneno ya kumfananisha na mgongo wa mamake, jambo lililokuwa likimwacha mwanamke njia panda katika zama za ujahiliya. Alijadiliana na Mtume mpaka ikateremshwa Sura Al-Mujadala (sura ya 58), ikibainisha kuwa Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa humo nyumbani, na alisimulia kuwa baadhi ya maneno ya yule bibi hakuyasikia, lakini Mola aliye juu ya mbingu saba aliyasikia. Malalamiko ya mwanamke mmoja yamekuwa Qur'ani inayosomwa mpaka Kiyama. Sisi nani basi wa kumziba mdomo binti yetu?

Na Bibi Aisha huyo huyo amepokea, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anayetaka sunna ya nyumbani, hii hapa.

Palipo na ugomvi, Sura An-Nisaa (4:35) imeelekeza apatikane mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Palipo na kipigo na khofu, hapa Kenya iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumkinga anayedhulumiwa. Katika mambo ya ndoa na talaka ziko mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na Katiba ya 2010. Kuzitumia njia hizi hakumtoi mtu katika dini, na wala hakumvunjii mzee heshima yake.

TUANZE WAPI?

Ndugu msomaji, mambo haya yasiishie kusomwa tu. Nakupa machache ya kuanza nayo wiki hii, na kila mmoja achukue analoliweza.

Kwanza, lala. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Sisi siku hizi tunazungumza na simu mpaka saa nane usiku, halafu tunashangaa kwa nini Alfajiri ni nzito na hasira ziko karibu.

Pili, jifunze kusema "Samahani, hili siliwezi" kwa adabu na mapema. Anayekubali kila michango, kila kamati na kila safari ya harusi, hutimiza ahadi kwa watu wa mbali na kuzivunja kwa watu wa nyumbani.

Tatu, jihesabie nafsi yako kila usiku, lakini ihesabie kama mfanyabiashara mwadilifu anavyohesabu duka lake. Anaandika hasara na anaandika faida pia. Yako mema uliyoyafanya leo, mshukuru Mola wako kwayo. Yako makosa, yatubie, kisha ulale.

Nne, kama uko na mtu hamsemezani, kumbuka kuwa si halali kumhama ndugu yako zaidi ya siku 3, na mbora wenu ni anayeanza kutoa salamu. Hapa hukutakiwa usahau dhulma wala umrejeshee mtu funguo za nyumba yako. Umetakiwa salamu tu, na salamu hufungua mengi.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu: kuwa Salman wa mtu. Mchague ndugu mmoja, rafiki mmoja, mwanafunzi mmoja aliye mbali na kwao. Mzuru. Ukishindwa kumzuru mpigie simu usikie sauti yake, kwani ujumbe wa maandishi huficha mengi. Usiridhike na "Alhamdulillah" ya kwanza. Muulize anakula vipi, analala vipi, na nyumbani kwake wakoje. Na ukitembelea nyumba ya mtu, macho yako yaone na masikio yako yasikie, kisha uliyoyaona yabaki siri yako.

Na ikiwa wewe ndiye Abu Dardaa, basi akija Salman wako usimfukuze. Abu Dardaa alikuwa mwenye elimu na ibada, angeliweza kusema, "Wewe mgeni, nani kakuuliza mambo ya nyumba yangu?" Hakusema. Alikula alipoambiwa ale, akalala alipoambiwa alale, na alipokuwa na shaka alikwenda kuuliza kwa mwenye kujua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake, azitulize nafsi zetu, awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa moyo, azitie mapenzi na huruma nyumba zetu, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.